Rinda la Cucu Yako

Runyenjes, dukani, saa tisa alasiri

Wanja, mami,

Umeshuka Embu kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili kwa sababu huyo mama hajui kumwachilia mtu bila kumlisha mara mbili. Kwa hivyo nina saa tatu. Nimefunga mlango mmoja wa duka na kuacha mwingine wazi ili watu wasidhani tumefiwa. Mama Kendi ameniona nikitafuta kalamu akauliza, "Kwani unaandika wosia?" Nimemwambia ashone vifungo vyake aniache. Miaka kumi na saba tumegawana kibanda hiki, cherehani yake ukutani na yangu karibu na mlango, na bado hajajifunza kuniacha.

Mambo ya blanketi, ndoo na kufunga mlango wa hosteli baba yako ameshakwambia mara nne, na kesho asubuhi atakwambia ya tano. Sitayarudia. Kesho unarudi Meru, na yule mwalimu anayekusimamia amekupa muhula mmoja: uandike mradi wako uukabidhi, au jina lako litolewe kwenye orodha ya chuo na miaka yako minne iende hivyo. Wewe unajua, mimi najua, na wiki mbili sasa nyumba nzima tunazungumza juu ya blanketi.

Wacha nianze na ile siku ya soko, kwa sababu najua bado inakuuma.

Asubuhi hiyo mwalimu wako alikuwa amenipigia simu. Alikuwa mpole. Alisema, "Mama Wanja, nilitaka tu kujua kama msichana ni mgonjwa, maana tangu mwaka jana sijapokea hata ukurasa mmoja." Nikamwuliza ukurasa wa nini. Hapo akaelewa kwamba mimi sijui kitu. Ulikuwa umeniambia walimu wamegoma. Kisha ukaniambia unangoja maoni yake. Kisha ukaacha kuniambia chochote, na mimi huku nawatangazia wateja, "Msichana wangu anaandika projekti, hata kula anasahau." Haki ya Mungu, aibu iliyonishika sitakuficha. Haikuwa huruma, mami. Ilikuwa aibu.

Nilishuka hapa nikakukuta umekaa kwenye kile kiti kifupi ukinisaidia kukunja pindo za sketi za kwaya. Wanawake watano wa kwaya walikuwa wamesimama wakingoja kupimwa. Ningeweza kukuita nje. Ningeweza kungoja tufike nyumbani. Nikasimama palepale mlangoni nikapaza sauti: "Mvivu wewe! Mwaka mzima unanidanganya! Wenzako wamevaa majoho wakarudi kwao, wewe umekalia kitanda!" Ulimaliza mshono uliokuwa nao, ukachomeka sindano kwenye kitambaa vizuri jinsi nilivyokufundisha ukiwa darasa la tano, ukaiweka sketi juu ya meza, ukapita katikati ya wale wanawake ukimwambia kila mmoja "samahani." Samahani tano, nilizihesabu. Halafu ukajifungia chumbani siku tisa.

Siku ya tatu nilikuwa bado nachemka. Nilikaa hapa nikaanza tena: huyu mtoto ni mvivu, huyu mtoto amelogwa na simu, mimi katika umri wake nilikuwa nachuma majani chai kabla jua halijatoka. Mama Kendi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja akazipanga mezani, na hapo nikajua nimekwisha, kwa sababu huyo mwanamke huongea na pini mdomoni siku zote.

"Atiriri, Mama Wanja," akasema, "nisikilize. Lile rinda la mama yako lilikuwa uvivu?"

Nilimwambia akome. Nilimwambia yeye ni mtu wa Meru, ameolewa tu huku, hana haja na mambo ya kwetu. Akacheka, akarudisha pini mdomoni. Lakini siku hiyo sikushona kitu.

Sijawahi kukueleza habari ya hilo rinda. Ulikuwa na miaka tisa, na labda unachokumbuka ni kwamba cucu yako, mama yangu, alizikwa amevaa nguo mpya ya buluu na watu wakamsifu fundi. Fundi nilikuwa mimi. Acha nikwambie sifa hiyo ilitoka wapi.

Cucu yako, huyo uliyepewa jina lake, na ndiyo maana nakuita mami tangu siku uliyozaliwa, hakuwahi kushonewa nguo maishani mwake. Alivaa mitumba, alivaa nguo zilizokuwa za dada zake, alivaa yunifomu ya akina mama wa kanisa iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mwaka uliotangulia alipanda gari peke yake hadi Meru, akaingia duka baada ya duka, akachagua kitambaa mwenyewe. Buluu iliyokolea, na maua meupe madogo kama ya kahawa mvua ikinyesha. Mita tatu kamili. Akakileta hapa akakiweka mezani kwa mikono miwili. "Nishonee la Krismasi," akasema. "Mifuko miwili, mmoja wa leso, mmoja wa miwani. Na usinibane kwapani."

Nikampima, nikaandika vipimo, nikakikunja kitambaa nikakiweka rafu ya juu. Kesho yake nikakishusha, nikakitandaza, nikachukua chaki. Nikakiangalia. Nikakikunja tena. Mkasi sikuugusa.

Krismasi ikapita, akavaa ile yunifomu. Pasaka ikapita. Na usidhani nilikuwa nimekaa bure. Miezi hiyohiyo nilishona sketi za shule nzima, nilishona suti ya mzee wa kanisa, nilishona mapazia ya mtu ambaye hata jina simjui. Kila kitu kilipita chini ya sindano yangu isipokuwa kile kimoja. Sasa niambie, ni uvivu gani huo unaochagua kitambaa?

Nitakwambia nilichoogopa, ingawa wakati ule nisingeweza kukitamka. Zilikuwa mita tatu na hakungekuwa na nyingine. Aliyekuwa amezileta ni mama yangu, yule aliyenipeleka kujifunza cherehani watu wote wakimwambia anaharibu mtoto. Nikikata vibaya, atalivaa hivyohivyo vibaya, aende nalo kanisani, na akirudi ataniambia ni zuri sana. Na mimi nitajua. Kwa hivyo kila siku niliahirisha kujua.

Kila siku ya soko alikuwa anapita. Mara ya kwanza aliuliza, "Bado?" Nikasema kesho, mami. Mara ya pili nikasema mashine ina shida. Mara ya tatu hakuuliza. Aliangalia tu rafu, akasema mvua mwaka huu imekuwa nzuri. Alipoondoka nilikitoa kile kitambaa pale juu nikakiingiza ndani ya gunia, chini ya mabaki ya bitana, asikione na nisikione. Nilidhani nitapumua. Badala yake nikaanza kuliogopa gunia.

Halafu kuna hii, ambayo hata baba yako hajui. Siku moja nilimwona mama akishuka kwenye boda boda pale chini, na fimbo yake na kikapu. Nikainama chini ya meza. Mama Kendi akanikodolea macho. Nikamwonyesha kwa mkono, sema sipo. Nikamsikia mama yangu akiuliza, "Fundi wangu yuko wapi?" Na Mama Kendi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akajibu kwa sauti ndogo, "Ametoka kidogo, cucu." Kutoka pale chini niliona miguu yake tu. Viatu vya mpira, na tope la shambani. Alisimama muda mrefu, akaweka kitu mezani, akaenda. Zilikuwa ndizi mbivu alizonichagulia. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye watoto, nimechuchumaa chini ya meza nikimkwepa mama yangu mzazi kwa sababu ya rinda. Ngai!

Mwezi uliofuata alianguka shambani akipalilia maharagwe. Akalala hospitali siku tatu, hakusema neno tena.

Tulipokuwa tukipanga mazishi dada zangu waliuliza atavishwa nini. Nikasema, "Nina kitambaa chake." Nikaja hapa asubuhi, nikakitoa kwenye gunia, nikakitandaza, nikakata. Hivyo tu. Kufikia mchana rinda lilikuwa limekwisha, mifuko yote miwili, kwapani pamelegea kama alivyotaka. Miezi kumi na mmoja nilishindwa, na siku hiyo nilitumia saa nne. Hizo saa nne zimenisumbua miaka yote hii. Najiuliza kwa nini siku hiyo niliweza, na jibu ni moja, na ni baya. Niliweza kwa sababu hakukuwa na mtu wa kulivaa akaniangalia usoni.

Tukalipeleka mochari. Mzee wa pale alilipokea vizuri, akalisifu, kisha akanyoosha mkono akaomba mkasi. Mami, kila fundi anajua. Aliyelala hainuliwi mikono. Nguo hupasuliwa mgongoni kutoka shingoni hadi chini, halafu huwekwa kwa mbele na kukunjwa chini ya mwili. Nilijua, lakini nilikuwa nimesahau kwamba najua. Nilikuwa na mkasi wangu kwenye mkoba. Nikampa. Nikasimama pale nikimsikiliza akikata.

Hiyo ndiyo nguo watu waliyomsifia fundi.

Na mwanamke huyohuyo, miaka kumi na minne baadaye, anasimama mlangoni anamwita mtoto wake mvivu mbele ya kwaya. Ningekuwa mtu wa maana ningelitambua gunia lako mara moja. Nilikuwa nikikuletea chai chumbani, naona unabadilisha ukurasa haraka kwenye kompyuta, naona unaniangalia mikono badala ya uso. Nilivijua vyote hivyo, nilivifanya mimi mwenyewe kabla yako. Nikachagua kutovijua kwa sababu ilikuwa rahisi kuwa na msichana anayeandika projekti.

Baada ya mazishi sikushona wiki sita. Niliporudi nilijiapiza haitatokea tena, na unanijua, nikaenda nikajitafutia vitu vya kunitia adabu. Daftari kubwa, kila oda na tarehe yake. Kengele kwenye simu, saa mbili, saa nne, saa nane. Lo! Daftari likageuka gunia jingine, nikawa naogopa hata kulifungua. Kengele ikilia naizima, na kila nikiizima nimeshindwa mara moja zaidi kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimejitafutia mtu wa kunifokea, na wakati huo kichwani ninaye mmoja tayari, tena hapumziki.

Hili nakwambia hasa kwa ajili ya ile programu yako ya simu, hiyo unayoiandikia mradi. Mwaka wa pili ulikuja likizo ukanionyesha hapa dukani, umejaa furaha, maneno yanagongana mdomoni. "Mum, mtu akikwama na kazi, hii inamkumbusha. Inamtumia ujumbe, inamtumia ujumbe, hadi aanze." Nikasema ni nzuri sana. Nilikudanganya. Iliniogopesha. Ningekuwa na ujasiri ningekwambia hapohapo kwamba mimi sikulisahau rinda la mama hata siku moja. Niliosha vyombo nikilikumbuka. Niliimba kanisani nikilikumbuka. Mtu asiyeanza hajasahau, Wanja. Huyo anakumbuka kuliko watu wote. Ulikuwa unamuundia kengele mtu ambaye angetoa chochote asahau hata kwa saa moja.

Labda ndiyo maana umeshindwa kuuandika. Labda ulijaribu hicho kifaa chako mwenyewe, kikakufokea, na ukaona aibu kumwambia mwalimu kwamba kitu ulichounda kuwasaidia watu kimekushinda wewe wa kwanza. Sijui. Mimi ni fundi wa nguo, nisije nikakufundisha kazi yako. Lakini kama ni hivyo, basi hilo ndilo la kuandika. Mwambie kilikushinda, na umwambie kilikushindaje. Mimi ningekisoma kitabu cha hivyo, na unajua sisomi.

Vitu vilivyonisaidia vilikuja kwa bahati tu. Mke wa mchungaji aliniletea kitambaa kizuri, ile hofu ikanipanda tena, na Mama Kendi akanitupia gazeti la juzi. "Haribu hilo kwanza," akasema. Nikakata rinda zima la gazeti. Kola ikatoka imepinda, tukacheka hadi machozi, nikakata jingine. La tatu lilikuwa sawa. Nikaliweka juu ya kitambaa nikalifuata pembeni na mkasi, na kabla sijajua nilikuwa nimemaliza mgongo. Tangu hapo siwezi kupita gazeti barabarani bila kuliokota, na baba yako anadhani nimeanza kupenda siasa.

Na uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo kwa nini jioni siachi kazi mahali pazuri, mwisho wa mshono, kama mafundi wengine. Naacha katikati, sindano imezama ndani ya kitambaa. Asubuhi nikikaa, kazi ilishaanza jana. Naweka mguu tu ninaendelea. Ukiandika, mami, acha sentensi haijaisha. Usiipambe. Iache imekaa vibaya ulale.

Kuna siku vyote hivyo havitoshi. Siku hizo namsukumia Mama Kendi kitambaa changu, naye ananisukumia chake. Ananikatia inchi tatu tu, pale nilipochora chaki, ananirudishia. Mimi namkatia chake. Ndiyo, hata yeye, na kelele zake zote. Kuna suti ya bwana harusi aliyoikalia mwezi mzima akisema anangoja uzi kutoka Meru, na uzi alikuwa ameukalia. Hatuulizani chochote. Kitambaa cha mwenzako hakitishi, na chako kikirudi kimeshakatwa, huwezi tena kukiogopa hivyo. Nimefikiri mara nyingi kwamba mkasi wa Mama Kendi ulikuwa hatua nne kutoka kwenye ile meza niliyojificha chini yake. Ningemwambia tu, "Hiki siwezi," mama yangu angevaa rinda lake akiwa hai. Sikusema. Fundi mzima, ningesemaje?

Sikudanganyi eti nimepona. Hapa juu yangu kuna koti la mzee fulani lina wiki saba, na mwenyewe ameanza kupitia barabara ile nyingine ili asinitie aibu. Na kuna wazo linanitesa, kwamba labda nimekupa mimi. Wengine wanawapa watoto wao pua au urefu. Nikikuona umesimama mbele ya kitu chako, umekishika, hukianzi, najiona mimi na ile chaki, na nataka kulia.

Leo asubuhi ulipokuwa ukioga niliingia kuchukua sanduku lako. Kompyuta ilikuwa wazi kitandani. Sitasema sikuangalia, niliangalia. Ukurasa mmoja. Majina yako matatu, namba yako ya chuo, na kile kimstari kinachowaka na kuzima. Chini hakuna kitu. Na kesho ndiyo safari. Neno lilelile la siku ya soko likanijia mdomoni, nakwambia ukweli, likafika hadi kwenye meno. Nilitoka na sanduku bila kulisema, nikaenda kukaa kwenye banda la ng'ombe hadi lilipopita.

Lakini si chuo ninachokiogopa. Katika zile siku tisa kuna mchana nilisimama nje ya mlango wako na sahani ya githeri. Nikagonga. Kimya. Nikaita. Kimya. Nikaweka sikio kwenye mbao nisikilize kama unapumua. Unaelewa ninachosema, Wanja? Nimesikia ya watoto wa watu, waliofeli tu mtihani. Nilisimama pale nikimwomba Mungu nisikie hata ukikohoa. Kisha ukageuka na kitanda kikalia, nami nikaketi sakafuni nikalia hadi githeri ikapoa. Wakati huo kama mtu angeniuliza habari ya mradi, ya chuo, ya joho, nisingejua anaongea nini. Nilitaka mtoto wangu tu. Na badala ya kusukuma mlango nikwambie hivyo, niliacha sahani pale nikarudi dukani. Hata kusukuma mlango kulinishinda kuanza.

Kwa hivyo naandika sasa. Nisamehe kwa lile neno. Nisamehe kwa wale wanawake watano. Nimemwendea kila mmoja nikamwambia nilikosea, na mmoja amenijibu kwamba mwanawe wa kiume naye ana mwaka wa pili hajaenda kuchukua kitambulisho, na hajui amfanyeje. Nisamehe kwa kuwa nilitaka projekti kuliko nilivyotaka kujua uko vipi.

Sijui kama utaweza. Ningependa kukuandikia kwamba najua, lakini tumeshadanganyana vya kutosha. Akili unayo, hilo halijawahi kuwa shida. Ukiumaliza nitapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, hadi watu wa Kathageri watoke nje. Usipoumaliza, rudi nyumbani mchana, kwa mlango wa mbele, na mkoba wako mkononi, mimi nitakupokea huo mkoba.

Mwaka mzima nilikuwa nakuuliza, "Inaendelea?" na wewe unanijibu, "Iko sawa, mum." Jibu la kweli lilikuwa neno moja, ulikuwa nalo siku zote, na mimi nilikuwa nimelifanya neno la kuogopwa nyumbani kwangu. Kuanzia kesho sitakuuliza inaendelea. Ukikaa mbele ya huo ukurasa ukashindwa, nipigie, hata kama ninampima mtu. Sema tu, "Sijaanza." Usinieleze kwa nini. Sitakukumbusha siku zilizobaki, sitakuombea kwa sauti, sitakupa mfano wa mtoto wa mtu. Nitaiweka simu hapa mezani kando ya cherehani, niendelee na kazi yangu, uisikie, na wewe ukae na yako. Ukianza, kata simu uandike.

Usipoanza, usikate.

Mama yako,
Rwamba